Kabati la Mama Shiru

Elfu kumi na nane! Nilidhani magari ya Ngong Road yamenichezea masikio, nikamwomba fundi arudie. Akarudia bila haya, macho yakiwa kwenye miguu yangu. Pale kando ya barabara bei ya kabati haitoki kwenye mbao, inatoka kwenye viatu vya mteja, na mimi nilikuwa natoka kanisani.

Na si kabati la nguo hilo. Ni la viatu na mikoba tu. Waliooa wanawake wanaodamkia Gikomba mitumba ikifunguliwa hawahitaji maelezo. Mkoba wa kamera, yaani mtumba wa daraja la kwanza, hauachwi sokoni eti kwa sababu nyumba haina nafasi. Kwetu stima ikipotea, ukipapasa ukuta kutafuta mshumaa unashika kisigino.

"Nitalitengeneza mwenyewe," nikatangaza. Mama Shiru akacheka mpaka chai ikampalia.

Hesabu yenyewe haina uchawi. Kiatu cha mtu mzima hakipiti sana sentimita 30, kwa hivyo rafu ya kina cha 35 inatosha, na buti zinatengewa rafu yao yenye kimo kirefu zaidi. Mgongo wa kabati lazima utobolewe matundu, maana kwa baridi yetu ya Julai ngozi ikikosa hewa huota kuvu, na mkoba wa mke ukiota kuvu, wa kulaumiwa anajulikana.

Kwa muuza mbao nikauliza mbona bei iko juu hivi. Ati ni ile marufuku ya kukata miti ya 2018. Nikamkumbusha kwamba Rais alitangaza kuiondoa 2023. Akasema habari hizo bado hazijafikia mbao. Kupasuliwa nako kunalipiwa kila mkato, nikaona heri niazime msumeno kwa jirani. Nikaubeba ubao wa plaiwudi mzima mzima, futi 8 kwa 4, mpaka kwenye matatu ya Umoja.

Makanga akausimamisha ubavu katikati ya viti. Matatu ikawa vyumba viwili. Wa kulia hawaoni wa kushoto, nauli inapitishwa juu ya ukuta, na mzee mmoja aliyetaka kushuka ilibidi aanze safari yake mapema. Mimi nimeukumbatia ubao, kijasho chembamba. Tulipofika City Stadium, mama aliyeketi karibu nami akaniangalia kwa huruma.

"Pole sana, baba. Ni wa nani?"

Mtu akiulizwa kitu ni cha nani, anajibu. Nikasema, "Ni wa mama watoto."

Matatu ikanyamaza. Makanga mwenyewe akainama mbele akamgusa dereva begani, muziki ukazimwa. Muziki wa matatu ya Umoja! Nimepanda hizo gari miaka mingi, sijawahi kusikia injini yake.

"Aliugua?" sauti ikauliza ng'ambo ya ubao.

"Hajaugua. Yuko nyumbani."

"Wamemleta nyumbani tayari," mama akawaeleza wenzake. "Na anamtengenezea jeneza kwa mikono yake, jamani. Wanaume wa aina hii wamebaki wachache."

"Mama, sikiliza. Ni la viatu! Viatu na mikoba yake!"

"Atamzika na viatu vyake," akasema, machozi yakimlengalenga. "Na mikoba. Mwacheni, amechanganyikiwa."

Kufika Makadara sala ilikuwa imeshaanza upande wa kushoto. Upande wa kulia walikuwa wanapitisha kofia. Kijana wa chuo, nguo yenyewe imechakaa, akatia hamsini. Nikapiga kelele kwamba mke wangu ni mzima, niliongea naye asubuhi. Nikaambiwa ni kawaida, hata wengine huwaona jikoni. Kwa uchungu nikatoa simu, nikampigia Mama Shiru, nikaweka sauti ya juu ili wote wasikie.

"Uko wapi wewe?" akafoka. "Na usiniletee ubao wa maji maji!"

Hakuna aliyesema haleluya. Mama wa machozi akafunga mkoba wake kwa kishindo. Muziki ukarudi mara mbili ya ulivyokuwa. Mzee wa kushuka akasema matapeli wa siku hizi hawana hata aibu ya kufisha wake zao. Na ile kofia ya mchango? Makanga aliimwaga mfukoni mwake, akasema hiyo ni nauli ya ubao, viti vitatu, halafu akanidai yangu.

Msimamizi wa ploti alisema kugonga misumari ni mwisho saa kumi na mbili. Jirani mwenye msumeno alisema sawa, lakini naye anataka kabati. Tokeni za stima ziliisha nikiwa nimeshika brashi ya vanishi.

Sasa limesimama. Limeegemea kushoto kidogo, lakini hiyo ni sakafu, mwenye ploti aliipimia kwa macho. Viatu vimo, vimepangwa kwa rangi, na hakuna anayevivaa. Mama Shiru anatoka asubuhi na patipati, vile vya kazi viko ndani ya mfuko wa karatasi mpaka afike stejini, maana kwa matope ya huku kwetu ukikanyaga na kisigino unarudi nacho peke yake. Viatu vya akina mama wa mtaa huu vinalijua jiji la kati kuliko vinavyoijua barabara ya nyumbani. Na barabara tuliahidiwa 2022. Greda lilikuja wiki ya mwisho ya kampeni, likakwangua mpaka kwa mama mboga, kura zikapigwa, likaenda. Sasa naona wanasiasa wameanza kutokea tena kwenye mazishi ya watu wasiowajua, wamevaa gambuti mpya kabisa, wanapigwa picha ndani ya matope yetu. Gambuti! Mtu ambaye lami yake inaishia jikoni!