Nimenasa, Mjomba Anakagua Ukuta

Mjomba wangu ni mwashi wa Tanga, mtu wa chokaa na matumbawe tangu ujana wake. Alipokuja kunitembelea Leeds, Uingereza, nikampeleka kijiji cha Malham, kule kwenye vilima vya Yorkshire Dales, tukatembee mzunguko maarufu wa pale: unatoka kijijini, unakata mashamba, unaingia msituni, unapanda hadi juu ya jabali la Malham Cove, unashuka kurudi ulikotoka. Kama kilomita nane hivi, na popote utakapotupa jicho kuna ukuta wa mawe.

Ule wa kwanza tu, Mjomba akausogelea, akaukwaruza kwa ukucha.

"Saruji iko wapi?"

"Hawatii saruji, Mjomba."

"Chokaa?"

"Hakuna."

"Hata udongo?"

"Mawe matupu. Kuta nyingi zina miaka zaidi ya mia mbili."

Akautazama ukuta, akanitazama mimi. "Mwenye shamba huyu alidhulumiwa."

Msituni, kabla ya maporomoko ya Janet's Foss, vitunguu saumu vya mwituni vimetanda chini ya miti, harufu imekolea hasa. Mjomba akasimama, akanusa. "Nani anapika pilau huku?" Mbele kidogo kuna gogo lililopigiliwa sarafu, zimejipanga kama magamba ya samaki. Nikamweleza kwamba wenyeji husimulia kuna malkia wa vibwengo aitwaye Janet, anaishi pangoni nyuma ya maji. Mkono uliokuwa unaelekea kwenye gogo ukarudi mfukoni haraka. "Hodi hodi, wenyewe," akasema, akapita kwa adabu zote.

Sasa, kwenye kuta hizo huachwa mwanya wa watu kupita, nao hufanywa mwembamba makusudi ili kondoo asipite. Mjomba, mtu mwembamba, akapenya kiubavu bila hata kugusa. Mimi nilikuwa na koti la bluu, lile nene la baridi, mfuko huu chupa ya chai, mfuko ule maandazi. Mapaja yakaingia vizuri. Kutoka yakagoma. Nikajaribu kurudi nyuma, yakagoma vilevile.

"Mjomba, nimenasa."

"Ngoja."

Akaja, akainama. Nikajua sasa navutwa. Kumbe anachungulia kando ya goti langu, anaangalia tumbo la ukuta. "Aisee! Ni kuta mbili hizi! Zimeegemeana, katikati wamejaza vijiwe. Na hili jiwe refu limetoka upande huu mpaka ule, limezifunga zote mbili! Huyu fundi bwana, huyu fundi!" Akatoa simu, akaanza kupiga picha.

Nyuma yangu nikasikia kwato. Kondoo wa kule wana uso mweusi, pua nyeupe, pembe zilizojikunja, na wamezoea kulishwa. Akija mtu wanajua kaja na chakula. Mmoja hakuniuliza. Alikwenda moja kwa moja kwenye mfuko wa maandazi. Mkono haufiki huko. Nasikia tu anavyotafuna, taratibu, pamoja na iliki yangu.

Wakatokea mzee na bibi wa Kiingereza, na fimbo zao za kutembelea. Unadhani walinisaidia? Walipanga foleni. Wao wawili, nyuma ya kondoo. Bibi akaniomba radhi, eti yeye ndiye ananiomba mimi radhi, halafu akasema leo kuna hali ya hewa nzuri sana. Nikamwambia ndiyo, nzuri kwelikweli. Ungemjibu nini?

"Mjomba, nakuomba, toa japo jiwe moja!"

Akashtuka kama nimemtukana. "Nibomoe kazi ya fundi mwenzangu kwa ajili ya makalio yako?"

Ila ufundi ni ufundi. Akapima mwanya kwa shubiri, chini, kisha juu. "Chini shubiri moja, juu mbili! Wamembana kondoo tu, wewe si kondoo. Simamia vidole, panda!" Nikajiinua, Mjomba akavuta, yule mzee akanisukuma kwa ncha ya fimbo, kwa heshima kubwa. Nikatoka. Chupa ya chai ikabaki kwa kondoo.

Malham Cove yenyewe, jabali la mita 80, watu wanatoka nchi za mbali kuja kuliona, Mjomba alilitupia jicho mara moja. "Hiyo kajenga Mungu," akasema, akarudi kwenye kuta zake.

Jioni tukiwa Skipton, mtandao uliporudi, akamwaga picha zote kwenye kundi la familia. Mawe, mawe, mawe. Wajomba wengine wakasifu. Ndipo Mama akatuma sauti:

"Kaka, kazi safi, mashaallah. Ila hapo katikati mbona wameziba na turubai?"