Washauri rika kwa wanachuo wenye usonji: hofu ni ya haki, lakini haitoshi kukataa

Mtu akipendekeza hapa Mwanza kwamba wanafunzi wa mwaka wa pili na wa tatu wapewe mafunzo ya kuwa washauri rika, yaani kuwasaidia wenzao wenye usonji (autism, hali ya ukuaji wa ubongo inayogusa namna mtu anavyowasiliana na wengine), jibu la haraka huwa kwamba hiyo ni kazi ya wataalamu. Jibu hilo lina uzito. Kijana wa miaka 21 ana mitihani yake na mkopo wake unaochelewa, na huenda asijue la kufanya usiku ambao mwenzake anamwambia kuwa amechoka kuishi. Siri haikai hosteli. Isitoshe, Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 haikuwatwisha wanafunzi wajibu wa taasisi, na chuo kinachobana matumizi kinaweza kujificha nyuma ya vijana wanaojitolea ili kisiajiri mnasihi.

Lakini wengi wanaopinga wanadhani mshauri rika anaandaliwa kutibu, ilhali mengi yanayomkwamisha mwanachuo mwenye usonji hayahitaji tiba. Chukua wiki za mwanzo pale Malimbe, kwenye Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino (SAUT), au chuo kingine chochote: ratiba ubaoni inataja ukumbi mmoja, mhadhiri anahamia mwingine, taarifa inapita kwenye kundi la WhatsApp katikati ya vichekesho, kisha wanakikundi wanaagana kwa kusema, "Tukutane vimbwetani baadaye." Baadaye ni saa ngapi, na ni kipi kati ya vimbweta, yale mabenchi ya nje ya kujisomea? Anayeyachukua maneno kama yalivyotamkwa anakosa kikao, na kesho yake anaitwa mvivu. Daktari wa hospitali ya Bugando hana dawa ya hilo. Mwenzake wa darasani anaweza kulimaliza kwa ujumbe mmoja: saa 11 jioni, kimbweta kilicho karibu na maktaba, tunagawana maswali, tunaondoka saa 12.

Mafunzo yanahitajika kwa sababu moyo mwema peke yake huharibu. Rafiki asiyefundishwa humlazimisha mwenzake atazame watu usoni, humburuta kwenye sherehe yenye spika kubwa, humjibia mbele ya mhadhiri, na mwishowe humwandikia kazi zake. Damian Milton, mwanazuoni ambaye mwenyewe ana usonji, alieleza mwaka 2012 kwamba kutoelewana kati ya wenye usonji na wasio nao kuna pande mbili. Mimi naona hapo ndipo penye nguvu ya programu hizi, kwa kuwa zinamfundisha yule ambaye hakuna aliyewahi kumwambia kwamba naye ana la kujifunza.

Wapinzani hupenda kuuliza ushahidi. Upo, ila ni mwembamba: Chuo Kikuu cha Curtin, Perth, Australia, kilichapisha mwaka 2017 tathmini ya wanafunzi 10 waliounganishwa na washauri rika, ambao walijiona wanaungwa mkono zaidi na hofu yao ya kuwasiliana ikapungua. Kumi ni wachache, hawakulinganishwa na kundi jingine, na siwezi kujenga sera juu yao pekee. Hata hivyo, Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2021 mtu 1 kati ya 127 alikuwa na usonji. Kwa uwiano huo chuo cha wanafunzi 10,000 kingekuwa nao karibu 79. Tukichukulia kwamba robo tatu walikatiwa njia tangu shule ya msingi, bado wanabaki kama 20. Je, wangapi kati yao wana cheti cha hospitali, wakati nyumbani wengine waliitwa wakaidi na wengine ikasemwa wamelogwa? Programu inayodai cheti itawakosa, ndiyo maana naona kila anayeomba apewe mshauri bila kuulizwa ugonjwa, jambo ambalo pia litapunguza kunyooshewa vidole.

Hofu za upande wa pili zigeuzwe masharti. Mnasihi mwenye taaluma akutane na washauri kila baada ya wiki mbili, na simu yake iwe ya kwanza kupigwa panapotokea hatari. Wenye usonji wawe miongoni mwa wakufunzi. Makubaliano yawe ya semista moja, yakivunjika bila lawama kwa upande wowote, na posho itoke kwenye bajeti ya chuo chenyewe.