Nani aamue dhamana: hakimu au hati ya mashtaka?

Kila mjadala wa makosa yasiyo na dhamana, yaani orodha ya makosa ambayo sheria inakataza mshtakiwa wake kupewa dhamana, unapofufuka Tanzania, wanaotaka orodha hiyo ifutwe huulizwa swali lile lile: kwa hiyo mnataka wauaji na wanaonajisi watoto warudi mtaani? Swali hilo lina uchungu wa kweli ndani yake. Lakini limewafanya wengi waamini kwamba ubishi ni kati ya kuwafungulia wote na kuwafungia wote. Anayeipinga orodha haombi mshtakiwa yeyote aachiwe. Anaomba hakimu aruhusiwe kulisikiliza ombi la dhamana, alikubali au alikatae.

Kwa makosa yaliyo kwenye orodha, hasikilizi. Mtu akifikishwa Mahakama ya Kisutu, Dar es Salaam, kwa mauaji, uhaini, unyang'anyi wa kutumia silaha au ugaidi, husomewa mashtaka na kuambiwa asijibu chochote, kwa kuwa mahakama ile haina mamlaka ya kusikiliza kesi yake. Upande wa mashtaka unaeleza kuwa upelelezi haujakamilika. Kesi inaahirishwa kwa kama wiki mbili, mshtakiwa anarudishwa rumande, na tarehe ikifika maneno ni yale yale. Hakuna hatua hata moja ambapo anaulizwa mtu kama huyu atatoroka, kama atawatisha mashahidi, ana makazi gani na ana wadhamini wa namna gani. Kifungu cha 148(5) cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, kama kilivyojulikana kwa miaka yote ya ubishi huu, kimeshajibu kwa niaba ya mahakama.

Wanaokitetea kifungu hicho wana sababu ambazo hazistahili kubezwa. Mtoto aliyenajisiwa mara nyingi anaishi nyumba moja na mtuhumiwa au nyumba ya pili, na dhamana ya siku tatu inatosha kwa familia kukaa kikao, kupatana ng'ombe au fedha, na shahidi pekee kunyamazishwa. Mshtakiwa wa mauaji anayeonekana kijijini wiki moja baada ya mazishi anaweza asifike siku ya hukumu, kwa sababu wananchi wenye hasira kali watakuwa wamemhukumu wao. Hofu nyingine wengi huisema kwa sauti ya chini: hakimu ananunulika, na mfanyabiashara wa dawa za kulevya ana fedha za kununua mahakimu wengi. Mahakama ya Rufani yenyewe, ilipokinusuru kifungu hiki Agosti 2020, ilisimama juu ya Katiba: ibara ya 15 inaruhusu mtu kunyimwa uhuru kwa utaratibu uliowekwa na sheria, na ibara ya 30 inakubali haki za mmoja ziwekewe mipaka kwa manufaa ya wengi.

Nikianza na hofu ya rushwa, ambayo nadhani ndiyo inayobeba uzito mkubwa: kumwondolea hakimu uamuzi hakuufuti uamuzi huo. Kunauhamisha. Kama kosa ndilo linaloamua dhamana, basi anayechagua kosa la kuandika ndiye anayeamua dhamana. Mpelelezi au mwendesha mashtaka akiongeza shtaka moja la utakatishaji fedha chini ya lile la kukwepa kodi, kama ilivyokuwa ikifanyika sana katika muongo uliopita, mlango unafungwa. Naye hafanyi hivyo hadharani, haandiki sababu, wala hakuna rufaa dhidi ya kalamu yake. Hakimu anayetoa dhamana kwa kuhongwa anatoa uamuzi unaosomwa mbele ya watu na unaoweza kupingwa Mahakama Kuu kesho yake. Kwa anayeogopa rushwa, hakimu ndiye anayeonekana zaidi.

Na jambo hili Mahakama ya Rufani ilishaliona. Mwaka 2018, katika shauri la Jeremia Mtobesya, ilikubali kwamba kifungu cha 148(4), kilichomwezesha Mkurugenzi wa Mashtaka (DPP) kuzuia dhamana kwa hati aliyoisaini mwenyewe, kinakiuka Katiba. Kabla ya hapo, mwaka 1991, katika shauri la Daudi Pete lililoanzia kwa Jaji James Mwalusanya, ilikuwa imefuta sehemu ya orodha hiyo hiyo kwa kuwa ilikuwa pana mno na haikuwa na kinga dhidi ya uonevu. Sasa kama DPP hawezi kumnyima mtu dhamana kwa barua, kwa nini aweze kwa hati ya mashtaka? Hukumu ya Agosti 2020 haijanishawishi hapo. Mahakama Kuu, miezi mitatu kabla, ilikuwa imekitangaza kifungu chote kuwa kinyume cha Katiba, na nadhani ilisoma vizuri zaidi.

Kuna takwimu moja ambayo sijaweza kuiacha. Septemba 2019 Rais Magufuli alitoa siku saba kwa washtakiwa wa uhujumu uchumi waliokuwa tayari kukiri na kurudisha fedha. Siku hizo zilipokwisha, DPP wa wakati huo, Biswalo Mganga, alimkabidhi taarifa: washtakiwa 467 wako tayari, na fedha ni shilingi bilioni 107.8. Nchi ilishangilia, na wengi bado wanaitaja namba hiyo kama ushahidi kwamba wezi walikuwa wamebanwa.

Huenda wengi wao walikuwa wezi kweli. Tatizo ni kwamba namba hiyo haiwezi kutuambia. Weka ndani mtu aliyeiba na mtu asiyeiba, wote bila dhamana, wote wakisikia kila wiki mbili kwamba upelelezi haujakamilika, kisha waambie kwamba anayekiri na kulipa anatoka. Mwizi atakiri. Asiyeiba naye, mwaka wa pili, biashara imekufa na watoto wamefukuzwa shule, atakaa na ndugu zake kupiga hesabu ya shamba gani liuzwe. Kukiri kwa namna hiyo kunapima uvumilivu na uwezo wa familia kuchangishana. Mwandishi Erick Kabendera alikamatwa Julai 2019, kwanza akahojiwa kuhusu uraia wake, kisha akashtakiwa kwa makosa yaliyojumuisha utakatishaji. Mama yake alifariki yeye akiwa bado rumande, na mahakama ikakataa ombi lake la kwenda kumuaga. Februari 2020 alikiri sehemu ya mashtaka, akalipa, akatoka. Hakuna ushahidi uliowahi kupimwa mbele ya jaji, kwa hiyo hata anayeamini kwamba alikuwa na hatia ameibiwa uthibitisho wake.

Na kuna wasiokiri. Masheikh wa Uamsho, jumuiya ya Kiislamu ya Zanzibar, walikaa rumande zaidi ya miaka sita kwa mashtaka ya ugaidi. Juni 2021 mashtaka yaliondolewa, wakarudi nyumbani. Kama walikuwa magaidi, taifa lilistahili hukumu. Kama hawakuwa, miaka ile hakuna wa kuilipa.

Kwa wanaodhani mahakama ikiachiwa uamuzi itafungua milango, Kenya ni jirani wa kuangaliwa. Katiba yake ya 2010, ibara ya 49, inampa kila aliyekamatwa haki ya dhamana isipokuwa kuna sababu nzito za kumnyima, hata kwenye mauaji. Katika kesi maarufu ya mauaji ya Nairobi ya Septemba 2018, Jaji James Wakiaga alikuwa na washtakiwa wawili mbele yake. Mtangazaji Jacque Maribe akapewa dhamana Oktoba mwaka huo huo. Joseph Irungu akanyimwa, na aliachiwa Februari 2020 tu. Hukumu ilikuja Februari 2024: Maribe hakuwa na hatia, Irungu alikuwa nayo, na alikuwepo mahakamani kuisikia. Kwa utaratibu wetu, Maribe angekaa ndani zaidi ya miaka mitano kwa kosa ambalo hakulitenda.

Tusijidanganye kwamba Kenya imemaliza. Huko masharti ya fedha huwabakiza maskini ndani, huku wenye uwezo wakitoka siku hiyo hiyo. Lakini hilo ni kosa la kiwango, ambalo mahakama inaweza kulirekebisha kwa ombi moja.

Haki za Binadamu ziliingia kwenye Katiba yetu mwaka 1984, na Sheria hii ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ikapitishwa na Bunge mwaka 1985. Marekebisho ya 2022 yalizuia watu kushtakiwa kabla upelelezi haujakamilika, ila yakayaacha nje makosa makubwa, yaani pale pale rumande inapokuwa ndefu kuliko kote. Tundu Lissu aliposhtakiwa kwa uhaini Aprili 2025, jina la kosa lilitosha kumpeleka rumande. Bunge linaweza kuibakiza orodha na bado likambadilishia hakimu kazi: kwa kunajisi, mauaji na ugaidi, mshtakiwa ndiye athibitishe kwa nini aachiwe, mahakama iweze kumwamuru akae mbali na nyumba ya mtoto, akabidhi pasipoti, aripoti polisi, na upelelezi ukipita muda uliotajwa kwenye sheria, mzigo uhamie kwa Jamhuri, yaani upande wa mashtaka, ieleze mbele ya mahakama kwa nini mtu huyo aendelee kukaa ndani.