Nywele Zikianza Kutoka, Uliza Sababu Kabla ya Bei

Mwaka jana mdogo wangu wa kiume, ambaye wakati huo alikuwa na miaka 29, alinionyesha kwenye simu yake tangazo la kliniki moja ya Istanbul lililoahidi kumpandikiza nywele kwa siku moja tu, hoteli na usafiri wa kutoka uwanja wa ndege vikiwa ndani ya bei. Alikuwa ameshaanza kuweka akiba. Nilipomuuliza ni daktari gani aliyemwambia kwamba anahitaji upasuaji, akanijibu kuwa hajamwona daktari yeyote, kwa sababu hata mtoto anaweza kuona kwamba nywele zake zinaisha. Jibu hilo ndilo lililonisukuma kuandika haya, kwa kuwa mimi mwenyewe nilipoteza miaka mitatu nikizitibu nywele zangu bila kujua nilikuwa ninatibu nini.

Kunyonyoka nywele si ugonjwa mmoja. Ni dalili, na dalili hiyo huletwa na mambo mengi yasiyofanana. Sisi tuliokulia katika nchi za malaria tumejifunza kwa gharama kubwa kwamba si kila homa ni malaria, na siku hizi hakuna muuguzi makini anayetoa dawa mseto kabla ya kipimo. Kwa habari ya kichwa, hata hivyo, bado tunabahatisha: mafuta ya mnyonyo, maji ya vitunguu, karafuu zilizolowekwa, kisha vidonge vya vitamini, kisha sindano, na mwishowe tiketi ya ndege. Sisemi kwamba kila kimojawapo ni kibaya. Ninachosema ni kwamba hakuna hata kimoja ambacho mtu anaweza kukichagua kwa busara kabla ya kujua ni nini kinachoondoa nywele zake.

Kichwa cha mtu mzima kina nywele laki moja hivi, na kupoteza kati ya 50 na 100 kwa siku ni jambo la kawaida. Anayefumua rasta alizokaa nazo wiki sita ataona rundo la nywele mkononi na kushtuka, ilhali nyingi kati ya hizo ni nywele za siku zote hizo, zilizokuwa zimeshatoka zikakosa pa kuangukia. Inafaa pia kutofautisha nywele zinazokatika katikati, ambazo mara nyingi zimechoshwa na dawa za kulainisha au moto wa pasi, na nywele zinazotoka na mzizi wake, zenye kitone cheupe mwishoni. Mama aliyejifungua, au mtu aliyeugua homa kali ya matumbo, anaweza kuona nywele zikitoka kwa wingi kichwa kizima miezi miwili au mitatu baadaye. Kwa kawaida hali hiyo hupoa yenyewe katika miezi michache, na anayemuuzia mama huyo dawa ya bei kubwa huvuna sifa ambayo ni ya mwili wake. Mtoto mwenye mabaka yenye magamba huenda ana mapunye, yaani fangasi walioingia hadi ndani ya unywele, na tiba yake ni dawa ya kumeza, kwa kuwa ya kupaka peke yake haitoshi. Mtu mwenye duara tupu, laini, lenye ukubwa wa sarafu, mitaani kwetu huenda akaambiwa kwamba amenyolewa usiku na wachawi, wakati kinga ya mwili wake ndiyo inayoshambulia mizizi ya nywele, na huenda zikarudi.

Tatizo langu lilikuwa jingine, na ndilo ninalotaka kukaa nalo, kwa sababu ninaliona kila ninapoingia saluni. Tangu mwaka wa kwanza wa chuo nilisuka rasta ndogondogo bila kupumzika. Nilijua kwamba siku ya kwanza nitalala kifudifudi na kumeza panadol, na nilijua kwamba vipele vyeupe vitajitokeza kuzunguka paji la uso. Msusi wangu, aliyenipenda na ambaye simlaumu, aliniambia kwamba zitalegea baada ya siku mbili, na zililegea kweli. Nilipofika miaka 27, nywele za juu ya masikio zilikuwa zimerudi nyuma upana wa vidole viwili, na mbele yake kumebaki mstari mwembamba wa vinywele vifupi kama pindo la kanga. Nilinunua mafuta, nikanunua wigi la kuficha, na gundi ya wigi ikazidi kuumiza pale pale palipokuwa pameumia.

Kunyonyoka kwa sababu ya kuvutwa hakukuanzia kwetu wala si laana ya nywele zetu. Maelezo ya mwanzo katika maandishi ya kitabibu, ya mwaka 1907, yanahusu watu wa Greenland waliokuwa wakifunga nywele kwa kukaza. Hata hivyo, mzigo mkubwa leo umewaangukia wanawake wa Kiafrika: uchunguzi uliofanyika Cape Town na kuchapishwa mwaka 2007 ulikuta tatizo hili kwa takriban theluthi moja ya wanawake waliochunguzwa. Jambo ambalo natamani kila mama alijue ni kwamba ugonjwa huu una nyakati mbili. Mwanzoni mizizi imevimba lakini iko hai, na kuacha kuvuta, wakati mwingine pamoja na dawa ya daktari ya kutuliza uvimbe, huweza kurudisha nywele. Baadaye kovu huchukua nafasi ya mzizi, na pale palipo na kovu hakuna mafuta yanayoweza kuotesha kitu, kama ambavyo mvua haiwezi kuotesha mbegu iliyokwisha kung'olewa. Maumivu na vipele ndiyo taarifa ya mapema. Msusi akiambiwa alegeze na akakataa, inuka kwenye kiti, hata kama ameshafika nusu ya kichwa. Na mtoto wa shule anayelia akisukwa hadeki; anasema ukweli kuhusu ngozi yake.

Lipo tatizo jingine linalofanana na hilo na ambalo ni la hatari zaidi kwa kuwa hufichika. Huanzia utosini kwa wanawake, hasa wenye asili ya Afrika, likasambaa polepole kama duara, mara nyingine kwa muwasho au kuungua, mara nyingine kimya kabisa, na huacha kovu. Kwa miaka mingi wanawake waliambiwa kwamba wamejiletea wenyewe kwa dawa na pasi. Mwaka 2019 watafiti walichapisha kwamba baadhi yao wana mabadiliko katika jeni iitwayo PADI3, inayohusika na kuuunda unywele, na kwangu mimi habari hiyo ilikuwa na faraja, maana lawama haijawahi kumponya mtu. Mwanamke anayeona utosi wake unapungua asisubiri. Mara nyingi daktari wa ngozi atahitaji kuchukua kipande kidogo cha ngozi kipimwe maabara, na kipande hicho kina thamani kuliko chupa kumi za mafuta.

Sasa niwarudie wanaume, na mdogo wangu. Upara wa kurithi, unaoanzia kwenye pembe za paji na utosini, husababishwa na homoni iitwayo dihaidrotestosteroni, ambayo kwa wenye urithi huo husinyaza mizizi hatua kwa hatua hadi unywele unakuwa laini kama wa mtoto mchanga, kisha hauoti tena. Dawa mbili zina ushahidi wa kutosha. Minoksidili ilianza kama kidonge cha shinikizo la damu, wagonjwa wakaota nywele mahali wasipotarajia, na mwaka 1988 Marekani ikaidhinisha ile ya kupaka kichwani. Haionyeshi matokeo kabla ya miezi kama minne, wiki za mwanzo inaweza hata kuongeza kutoka kwa nywele, na ukiiacha, ulichokipata hupotea ndani ya miezi michache. Finasteridi, iliyoidhinishwa kwa upara wa wanaume mwaka 1997, hupunguza utengenezaji wa homoni hiyo. Wapo wanaume wachache wanaopata matatizo ya nguvu za kiume au kushuka moyo wakiitumia, na pia hushusha kipimo cha damu cha tezi dume, kwa hiyo anayeitumia lazima amwambie daktari anayempima. Mjamzito hapaswi hata kugusa kidonge chake kilichovunjika, kwa ajili ya mtoto wa kiume aliye tumboni.

Vidonge vya biotini vinauzwa kila duka la vipodozi, na kwa mtu asiye na upungufu wake sioni sababu ya kuvinunua. Tena dozi kubwa huweza kupotosha vipimo vya maabara, vikiwemo vya tezi ya shingo na vya moyo.

Upandikizaji ni jambo la kweli, na sitaki mtu asome makala haya akadhani ninaupinga. Daktari Norman Orentreich wa New York aliufanya kwa mwenye upara wa kurithi mwanzoni mwa miaka ya 1950, na aligundua jambo lililo msingi wa kazi yote hadi leo: unywele uliotolewa kisogoni hubaki na tabia ya kisogoni hata ukihamishiwa mbele. Lakini neno la kuzingatia hapo ni kuhamisha. Hakuna unywele mpya unaotengenezwa. Kisogo ni ghala lenye akiba yenye mwisho, na kila kipandikizi, yaani mzizi na unywele wake, kinachotolewa hakirudi ghalani. Kijana wa miaka 29 ambaye upara wake bado unatembea anaweza kutumia akiba kubwa kujaza mbele, kisha nywele zake za asili zilizo nyuma ya pale zikaendelea kuondoka, akabaki na ukingo wa nywele mbele, uwanja mtupu katikati, na ghala tupu. Ndiyo maana daktari mwaminifu huweza kumwambia mtu kama huyo asubiri, atumie dawa kwanza, na ndiyo maana tangazo la nywele kwa siku moja halitamwambia hivyo.

Kuna jambo jingine ambalo matangazo mengi hayalitaji, kwa kuwa picha zake ni za watu wenye nywele zilizonyooka. Unywele wetu wa kipilipili haujikunji juu ya ngozi tu. Mzizi wenyewe umepinda chini ya ngozi. Anayetoa kipandikizi kimoja kimoja kwa kifaa cha mviringo, akikichoma moja kwa moja kama afanyavyo kwa nywele zilizonyooka, huukata mzizi njiani, na mzizi uliokatwa huenda usiote mbele wala nyuma. Kazi hii inawezekana kwa nywele zetu na hufanywa vizuri na wenye uzoefu nazo, na mkunjo wenyewe husaidia kufunika ngozi kwa vipandikizi vichache, lakini uzoefu huo lazima uulizwe na uonyeshwe kwa picha za watu wenye nywele kama zako. Zaidi ya hayo, wengi wetu tuna ngozi inayoota makovu manene ya keloidi. Aliyewahi kupata kovu la namna hiyo sikioni alipotobolewa, kifuani, au kisogoni baada ya kunyolewa, amwambie daktari kabla ya jambo lolote. Na penye ugonjwa wa makovu ambao bado unawaka, kama ule wa utosini, vipandikizi huweza kufa vyote, kwa hiyo ni lazima kwanza utulizwe na ukae umetulia muda mrefu.

Swali ambalo ningelitanguliza kuliko la bei ni hili: nani hasa atashika kifaa? Chama cha kimataifa cha madaktari wa upasuaji wa nywele kimekuwa kikionya kuhusu kliniki ambazo jina la daktari liko ukutani tu huku kazi ikifanywa na wasio na leseni. Zipo kliniki nzuri Istanbul, na wapo watu waliorudi na furaha. Lakini vipandikizi hudondosha nywele zake katika wiki za mwanzo, huanza kuota upya baada ya miezi mitatu au minne, na matokeo huonekana vizuri baada ya mwaka mzima. Likitokea tatizo katika mwezi wa pili, uko Mbagala au Kisumu, na aliyekukata yuko ng'ambo ya bahari.

Nilipompata daktari wa ngozi hatimaye, alinikagua kwa lenzi kwa dakika ishirini, akaniuliza nilivyosukwa tangu utotoni, swali ambalo katika miaka mitatu hakuna aliyekuwa ameniuliza. Sehemu ya nywele zangu ilirudi. Sehemu ya juu ya sikio la kushoto haikurudi. Wataalamu wa ngozi si wengi kwetu, lakini wapo katika hospitali za rufaa, na Moshi kuna kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi, pale hospitali ya rufaa ya KCMC, kinachowafundisha tangu mwaka 1992, wakiwemo wanaorudi kuhudumu wilayani.

Najua wapo watakaosema kwamba mwanamume mwenye upara anyoe tu aendelee na maisha, na wengi hufanya hivyo na kupendeza. Siwezi, hata hivyo, kumwambia mtu kwamba huzuni yake ni ya kipuuzi, nikikumbuka nilivyokuwa nikikataa kuvua mtandio mbele ya dada zangu. Mdogo wangu alikubali kumwona daktari. Akakutwa na upara wa kurithi kama alivyodhani, pamoja na kovu la keloidi kifuani ambalo hakuwahi kulihesabu kuwa jambo. Ameanza dawa ya kupaka, na wamekubaliana kwamba baada ya mwaka, kama bado anataka upasuaji, kwanza vitahamishwa vipandikizi vichache tu nyuma ya sikio, kisha wasubiri miezi waone ngozi yake inavyopona. Akiba yake bado iko benki.