Mazoezi ya Ijumaa sawa, ila tuacheni tule kwanza

Kuna makala nimesoma, inasema mabosi walete mazoezi ya Ijumaa ofisini stresi ipungue. Sikatai, ila jamani mimi nipo ofisi ya utalii hapa Arusha mwaka wa sita, msimu wa wageni ukipamba moto Juni mpaka Oktoba unakula huku unajibu meseji, usiku simu inalia maana Marekani ndo kwanza mchana, na ukichelewa kujibu unaulizwa kwenye grupu la WhatsApp mbele ya watu wote. Hapo kuruka kamba kutasaidia nini?

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 iko wazi, masaa 45 kwa wiki, ukipiga masaa 5 mfululizo unapumzika lisaa zima, likizo siku 28. Nani anafuata? Mwaka juzi presha ilinipanda nikadondoka kwenye ngazi, daktari kaniuliza unalala saa ngapi nikabaki nacheka tu.

Sasa hivi tuna meneja mpya, dada mmoja wa Moshi, kaweka zamu, aliyelala na simu ya wageni leo kesho anaingia saa tano. Basi. Hajanunua hata mkeka mmoja wa mazoezi ila watu wameacha kununa, na chai ya saa nne imerudi, na maandazi juu.