Anayelindwa na ushuru wa chuma ni nani?

Chini kabisa ya kila profoma inayotoka ofisini kwetu siku hizi kuna mstari mmoja wenye wino mzito: bei hii inadumu siku 7. Nilipoanza kazi kwenye karakana hii, magharibi mwa Ohio, mstari huo ulisema siku 30 na hakuna mteja aliyehangaika kuusoma. Sasa ndio wanaoanza nao. Siku ya tano wanapiga simu kuomba waongezewe wiki, na mzee mwenye karakana anawaambia hawezi, kwa sababu hata aliyemuuzia mabamba ya chuma amempa siku 7 hizo hizo.

Tuko watu 31. Tunakereza, tunatoboa na kuchomelea vipande vya chuma vinavyokwenda kwenye pampu za maji na zana za kilimo. Jina letu huwezi kuliona kwenye bidhaa yoyote dukani. Jamaa zangu wa Tanga wakisikia habari za viwanda vya Marekani wanawaza matanuru yanayotema moto na magari ya Detroit, na nina hakika wanasiasa wengi wa hapa huwaza hivyo hivyo. Ukweli ni kwamba takriban robo tatu za makampuni ya viwanda nchini humu yana wafanyakazi wasiofika 20. Kwa kipimo hicho sisi ni wakubwa. Na sera ya viwanda ya nchi hii, hasa upande wa ushuru, inatungwa kana kwamba hatupo.

Ushuru ninaousema unatokana na kifungu cha 232 cha sheria ya biashara ya mwaka 1962, kinachompa rais mamlaka ya kuzuia bidhaa za nje kwa sababu za usalama wa taifa. Machi 2018 kilitumika kuweka asilimia 25 kwenye chuma na asilimia 10 kwenye alumini. Machi 2025 misamaha iliyokuwa imetolewa kwa nchi mbalimbali ikafutwa, na vyote viwili vikawa asilimia 25. Tarehe 4 Juni mwaka huo huo vikapanda hadi asilimia 50 kwa karibu dunia nzima, Uingereza ikabaki na 25. Ni kwa tangazo la rais tu, bila mjadala wa Bunge. Mzee alisikia habari hiyo akiwa na oda nne mezani alizokwisha kuzipangia bei.

Kuna jambo ambalo watu hawalielewi mpaka walione kwenye daftari la manunuzi. Sisi tunanunua chuma cha Marekani. Kwa maandishi, ushuru hautugusi hata senti. Lakini mwenye tanuru la Indiana anajua kwamba mshindani wake wa Canada, akifika mpakani, anaongezewa nusu ya bei. Sasa kwa nini yeye aache bei yake palepale? Anapandisha. Hafiki alikofika Mkanada, ila anapandisha vya kutosha. Kwa hiyo yule aliyetii, aliyenunua nyumbani kama alivyoombwa, analipa pia, na fedha yake haiendi hata hazina ya serikali.

Kwa kila mtu mmoja anayetengeneza chuma nchini hapa kuna makumi wanaokitumia kutengeneza kitu kingine. Ukimlinda yule mmoja kwa kupandisha bei ya malighafi ya hao makumi, umewatoza kodi watengenezaji ili umsaidie mtengenezaji. Mwaka 2019 watafiti wawili wa Benki Kuu ya Marekani, Flaaen na Pierce, walipima matokeo ya ushuru wa 2018. Waliona kwamba nafuu ndogo waliyoipata waliolindwa ilimezwa na gharama za malighafi na ushuru wa kulipiza kisasi kutoka nchi nyingine, na ajira za viwandani kwa jumla zikapungua.

Mfano ninaourudia kila nikibishana na watu ni wa mji mdogo wa Poplar Bluff, Missouri. Pale kuna kampuni ya Mid-Continent Nail, iliyokuwa mtengenezaji mkubwa kuliko wote wa misumari Marekani, ikiwa na wafanyakazi wapatao 500. Wenye mali ni Wamexico, na waya wa kutengenezea misumari ulitoka Mexico. Ushuru ulipoanza kutozwa kwa Mexico, Juni 2018, bei ya waya ilipanda, ya msumari ikabidi ipande, na wateja wakahamia misumari ya kutoka nje. Maana msumari uliokwisha kuchongwa haukuwa na ushuru ule. Waya ulitozwa, msumari ukapita. Mwezi huo huo watu 60 walipunguzwa kazi, na wengine wakaanza kuondoka wenyewe kabla hawajaambiwa.

Dawa iliyotolewa ilikuwa kuomba msamaha Washington, bidhaa moja moja na kipimo kimoja kimoja. Makampuni makubwa ya chuma yaliruhusiwa kupinga ombi lako, na yakipinga, mara nyingi ulikosa. Mid-Continent walipata msamaha wao Aprili 2019, baada ya miezi kumi hivi ya kungoja. Mwezi uliofuata ushuru wa chuma cha Mexico na Canada ukaondolewa kabisa. Wale 60 walipoteza kazi kwa kitu kisichodumu hata mwaka mmoja. Nawafikiria sana watu wale. Kampuni kubwa ina mawakili wa kuandika maombi, sisi tuna mama mmoja wa mahesabu anayekuja siku tatu kwa wiki. Na Februari 2025 hata utaratibu huo wa kuomba msamaha ulifutwa.

Serikali iliuona mwanya wa msumari. Baadaye ikaanza kutoza pia bidhaa zilizotengenezwa kwa chuma na alumini, na Agosti 2025 iliongeza aina 407 kwa mkupuo mmoja. Sasa kila ngazi ya utengenezaji inapanga foleni kuomba kivuli. Ukimfunika wa juu, aliye chini yake ananyeshewa na kuja kulia. Mwisho wa ngazi yuko mkulima anayehitaji pampu, na yeye hana wa kumpandishia bei.

Nisiwe dhalimu wa hoja. Ushuru huleta ajira, tena zinazoonekana kwa macho. Mwanzoni mwa 2018 mashine za kufulia za kutoka nje ziliwekewa ushuru. Wakati huo huo Samsung walifungua kiwanda Newberry, South Carolina, na LG wakafungua cha kwao Clarksville, Tennessee. Wachumi waliofuatilia walihesabu ajira mpya zipatazo 1,800. Walihesabu pia kwamba bei ya mashine ya kufulia ilipanda kwa asilimia 12 hivi, na ya kukaushia nayo ikapanda ingawa haikuwekewa ushuru wowote, kwa sababu huuzwa pamoja. Wanunuzi walibeba karibu dola bilioni 1.5 kwa mwaka, yaani dola 815,000 hivi kwa kila ajira moja. Kwa fedha hiyo ungemlipa fundi wetu mkongwe mshahara wake kwa zaidi ya miaka kumi.

Huyo fundi mkongwe, mchomeleaji, ndiye anayenipa shida kwenye mabishano haya. Anatoka Youngstown. Baba yake alikuwa kwenye kiwanda cha chuma cha Campbell siku ya Jumatatu, tarehe 19 Septemba 1977, kulipotangazwa kufungwa kwa kiwanda hicho, kulikoondoa kazi zipatazo 5,000. Siku hiyo watu wa kule bado wanaiita Jumatatu Nyeusi. Baada ya hapo ikaja China, iliyoingia Shirika la Biashara Duniani Desemba 2001. Mwaka 2000 viwanda vya Marekani vilikuwa na watu zaidi ya milioni 17. Mwanzoni mwa 2010 walibaki milioni 11.5 hivi. Si ajira zote zilizochukuliwa na China, mashine nazo zilikula sehemu yake, na mdororo wa 2008 ukamalizia. Lakini wachumi Autor, Dorn na Hanson walionyesha kwamba miji iliyopigwa na bidhaa za China haikuinuka kama vitabu vilivyoahidi. Watu hawakuhama kufuata kazi nyingine. Walibaki na nyumba zisizouzika.

Kwa hiyo mkongwe akisema ushuru uwekwe, simcheki wala sitamcheka. Anachotaka ni mtu wa Washington akumbuke jina la mji wake. Ninapotofautiana naye ni kwamba kazi zetu, mimi na yeye, ziko upande wa wanaotumia chuma. Kinachomlinda baba yake wa mwaka 1977 kinamuumiza yeye leo.

Na kuna mambo ambayo ushuru hauna mkono wa kuyafikia. Hawesville, Kentucky, kulikuwa na kiwanda kikubwa cha kuyeyusha alumini, wazalishaji wa alumini safi inayohitajika hadi jeshini. Kilisimamishwa Juni 2022, wakati ushuru wa alumini ulikuwepo tangu miaka minne nyuma. Kilichokishinda ni bili ya umeme. Alumini ni umeme ulioganda, ndiyo maana Quebec, jimbo la Canada lenye mabwawa yake ya umeme, inaizalisha kwa urahisi. Ukitaka alumini ya Kentucky, anza na nguzo za umeme.

Jingine ni watu. Utafiti wa kampuni ya ushauri ya Deloitte pamoja na taasisi ya viwanda ya Manufacturing Institute, uliotoka 2024, ulikadiria kwamba viwanda vitahitaji watu milioni 3.8 ifikapo 2033, na nusu ya nafasi hizo, milioni 1.9, huenda zikakosa wa kuzijaza. Phoenix, Arizona, TSMC ya Taiwan iliahirisha kuanza kutengeneza chipu kutoka 2024 hadi 2025, ikieleza kwamba mafundi wa kufunga mitambo hawatoshi. Hapa kwetu shifti ya usiku ilishikiliwa kwa miaka na Wakongo wa Kivu, waliokuja kama wakimbizi. Ni hodari, na ukipita saa nane za usiku ungesikia Kiswahili kikishindana na kelele za mashine. Januari 2025 mpango wa kupokea wakimbizi ulisimamishwa. Mmoja wao, ninayemheshimu kama kaka yangu, aliniambia juzi: "Mukubwa, kazi iko, watu ndio hawako."

Septemba 2025 maafisa wa uhamiaji walivamia eneo la ujenzi wa kiwanda cha betri cha Hyundai na LG huko Ellabell, Georgia, wakawashika watu 475, wengi wao Wakorea waliokuja kufunga mitambo. Iwe karatasi zao zilikuwa na kasoro au la, nchi inayomwambia mgeni alete kiwanda chake ingemwekea mlango wa kuwaleta kihalali wanaojua kukifunga.

Nitoke kidogo kwenye chuma, kwa sababu jambo hili linanikaa rohoni. Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Afrika Mashariki walikubaliana kupunguza mitumba hatua kwa hatua ili viwanda vya nguo vya kwetu vipate nafasi. Mwaka uliofuata chama cha wafanyabiashara wa nguo chakavu cha Marekani kilipeleka malalamiko Washington. Kenya, Tanzania na Uganda zikalegeza. Rwanda ikashikilia, na Julai 2018 nguo zake zikaondolewa kwenye AGOA, mpango wa nafuu ya ushuru ambao Marekani iliwapa Waafrika. Hiyo ni miezi minne tu baada ya Marekani kujiwekea ushuru wa chuma kwa hoja ya kulinda viwanda vyake. Liliniuma, linaniuma hata leo. Mtoto anayejifunza kutembea alinyimwa fimbo na mtu mzima aliyekuwa ameishika ya kwake mkononi.

Kinachotuumiza zaidi ya kiwango chenyewe, mimi naamini, ni kuyumba. Mashine ya kukereza ya kisasa unainunua ukihesabu miaka 15. Mzee ameitaka moja ya Kijapani tangu 2023. Mwaka 2022 Intel walitangaza kiwanda cha chipu hapa hapa Ohio, kaunti ya Licking, kianze 2025, na karakana nyingi ndogo tulianza kuota oda. Sasa inasemwa 2030 au 2031. Kwenye magari ya umeme, nafuu ya kodi ya sheria ya 2022 kwa wanunuzi ilikatwa mwishoni mwa Septemba 2025. Na mashine yenyewe ya Kijapani nayo iliwekewa ushuru wake mwaka 2025. Unataka nitengeneze nyumbani, kisha unanitoza ninapoagiza kifaa cha kutengenezea?

Ningepewa nafasi ya kusema mbele ya kamati ya Bunge, ningeomba kwanza kwamba ushuru utungwe na Bunge, ambalo ndilo lililopewa kazi hiyo na katiba, na ukishatungwa usiguswe kwa miaka kadhaa. Heri asilimia 20 ninayoijua kuliko 10 inayoweza kuwa 50 Jumatano. Malighafi isiyotosha kuzalishwa hapa isamehewe moja kwa moja, bila fomu ya kila kipimo. Na sehemu ya fedha inayokusanywa mipakani iende kwenye vyuo vya ufundi, maana vijana wapo, tumewaona.

Kila Juni tulikuwa tunachukua wanagenzi wawili kutoka chuo cha ufundi cha kaunti. Mwaka huu tumechukua mmoja, binti wa miaka 19. Wiki yake ya kwanza nilimpa kipande cha chuma akikereze, na alipokosea kipimo mkongwe wa Youngstown alikiokota chini, akakigeuzageuza, akamwambia asitupe. Kwa bei ya sasa vipande vilivyoharibika tunavirudisha kabatini, tunatafuta kitu kidogo zaidi cha kuvitengenezea.