Aliyeasiliwa Enzi za Ukoloni na Dai la Uraia wa Uingereza

Mtoto aliyezaliwa Nairobi mwaka 1955 alikuwa, kwa sheria ya uraia ya 1948, raia wa Uingereza na Makoloni yake kwa sababu ya mahali alipozaliwa. Mwenzake wa Mombasa hakuupata uraia huo kwa njia hiyo, kwa kuwa ukanda wa pwani ulikuwa himaya, yaani nchi iliyo chini ya ulinzi wa Uingereza bila kuwa koloni lake, katika milki ya Sultani wa Zanzibar. Wala wa Dar es Salaam hakuupata, kwani Tanganyika ilikuwa nchi ya udhamini, iliyosimamiwa na Uingereza kwa niaba ya Umoja wa Mataifa. Wote watatu wakiwa waliasiliwa, yaani walichukuliwa kisheria kuwa watoto wao, na Waingereza hukuhuku Afrika Mashariki, madai yao leo hayalingani, na tofauti hiyo naiona ngumu kuitetea.

Tangu 1950, aliyeasiliwa alipata uraia kwa amri ya mahakama ya Uingereza yenyewe, na mume na mke walipoasili pamoja, uraia wa mume ndio uliohesabiwa. Sheria ya uhamiaji ya 1971 ililegeza jambo hilo kidogo: ilimpa haki ya ukaazi, yaani ya kuingia na kuishi Uingereza bila kizuizi, raia wa Uingereza na Makoloni aliyeasiliwa kisheria na mzazi aliyekuwa raia kwa kuzaliwa Uingereza, na orodha ya 1973 ya nchi ambazo amri zake za kuasili zilitambuliwa ilizijumuisha Kenya, Uganda na Tanzania. Wenye haki hiyo waliingia katika uraia mpya wa Uingereza tarehe 1 Januari 1983. Lakini ilimfaa tu yule ambaye bado alikuwa raia wa Uingereza na Makoloni, na wengi waliozaliwa Nairobi, ambao mmoja wa wazazi wao pia alizaliwa Kenya, waligeuka Wakenya tarehe 12 Desemba 1963 na kuupoteza uraia wa awali.

Serikali ya Uingereza ina hoja nzito. Nchi haiwezi kuziachia mahakama za kigeni zigawe uraia wake bila kujua kama wazazi wa damu waliridhia au kama masilahi ya mtoto yalizingatiwa. Hata hivyo, kabla ya uhuru mahakama ya Nairobi haikuwa ya kigeni: ilihukumu kwa jina la Malkia, na rufaa zake ziliweza kufika hadi Baraza la Faragha mjini London, lililokuwa ngazi ya mwisho ya rufaa kutoka makoloni. Kuikana amri yake leo ni kumwadhibu mtoto kwa mgawanyo wa madaraka ambao wakoloni wenyewe waliuweka.

Tangu 2022, kifungu cha 4L cha sheria ya uraia ya 1981 kinaruhusu kumsajili mtu mzima ambaye angekuwa raia kama si dhuluma ya sheria za zamani au kosa la mamlaka ya umma. Uamuzi unabaki kwa waziri. Kwa maoni yangu, amri zilizotolewa kabla ya uhuru zikubaliwe bila kubagua koloni na himaya, na zile za baadaye zichunguzwe moja moja. Aliyelelewa bila amri yoyote, kama ilivyo kawaida katika koo zetu, dai lake ni dhaifu zaidi, hata kama malezi yalikuwa ya kweli.